Muulize Fundi: TV inasema, haionyeshi

Assalamu alaikum fundi. TV yangu ya inchi 32 inatoa sauti, lakini kioo cheusi. Kijana mmoja hapa kaniambia kioo kimekufa, ninunue nyingine. Ile nene ya marehemu baba ilidumu miaka mingi. Hizi nyembamba zina kasoro gani?
Msomaji, Wete, Pemba

Waalaikumu salamu kaka yangu. Usiitupe! Usiku zima taa za chumbani, washa TV, kisha kamata kurunzi umulike kioo kwa karibu, kwa upande. Ukiona sura za watu zinapita kama vivuli, kioo ni kizima. Kilichokufa ni taa za nyuma yake.

Kioo cha LCD, yaani hiki cha TV nyembamba kama yako, hakitoi mwanga wake chenyewe. Kinafungua na kufunga njia ya mwanga unaotoka nyuma, basi. Hata sandukuni wakiandika LED, ndani ni LCD ile ile. LED ndizo taa zake. TV za LCD za mwanzo ziliwekwa mirija ya floresenti, jamii moja na zile taa ndefu za madukani, ndiyo maana zilikuwa nene kuliko hizi za LED.

Wembamba wenyewe umeletwa na ufundi ninaoupenda mno. Taa hupangwa ukingoni, zinamulika ndani ya bamba la plastiki angavu. Mgongoni mwa bamba kuna vidoa vyeupe: karibu na taa ni vidogo, kadiri unavyokwenda mbali vinakuwa vikubwa, ili mwanga utoke sawasawa kila pahala. Lakini taa zikibanwa ukingoni, na joto linabanwa hapo hapo.

Nyingi za inchi 32 nilizofungua taa zake zimetandazwa nyuma, kila moja imevishwa kikombe cha lenzi. Mwezi uliopita nilikuta moja tu imeungua, ina doa jeusi dogo kama ufuta. Zilizobaki nzima, ila zimeungwa kwa mfuatano; ikikatika moja, mstari wote unazimika.

Mwambie fundi abadilishe mistari yote, si ule mmoja, kwani umri wao ni mmoja. Usifungue mwenyewe, ndani mna umeme mkali. Ikipona, ingia sehemu ya picha ushushe mwanga wa nyuma hadi nusu. Taa zitapoa na kudumu zaidi.

Na ukiileta Unguja kwa boti, isimamishe. Usiilaze kifudifudi wala usiiwekee mzigo juu.