Kamera ndogo au DSLR? Angalia kwanza unapiga picha saa ngapi

Kama picha zako nyingi ni za mchana, dagaa wameanikwa Kibirizi, watoto wanaogelea Katonga, ndugu wamejipanga mbele ya stesheni ya reli Kigoma, usiuze kamera yako ndogo ya mfukoni eti kwa sababu jirani kanunua DSLR, ile kamera kubwa ya kubadilisha lenzi. Jua la saa saba huifanya kila kamera ionekane hodari. Piga picha ileile kwa kamera zote mbili, zisafishe kwa saizi ya inchi 4 kwa 6, kisha mpe mama aliyepigwa achague. Atachukua ile aliyotoka vizuri, basi.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Picha ya saizi hiyo, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inataka pikseli 1,200 kwa 1,800, yaani megapikseli (pikseli milioni) mbili na ushee. Ya A4 inataka karibu tisa. Kwa hiyo muuzaji anayekushawishi uache megapikseli 16 uchukue 24 anakuuzia namba, na mteja wako wa picha za pasipoti hataiona namba hiyo hata akivaa miwani.

Mambo hubadilika jua likizama upande wa Kongo. Hapo ndipo sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, inapojitambulisha. Kamera nyingi ndogo za bei ya kawaida zina sensa ya milimita 6.2 kwa 4.6 hivi, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Sensa ya DSLR ya kawaida ya Nikon ni kama milimita 23.5 kwa 15.6. Ukizidisha, eneo lake ni takriban mara 13 ya ile ndogo, na mwanga unaokusanywa na sensa nzima unaongezeka kwa kadiri hiyohiyo, mradi tundu la lenzi na kasi ya kupiga ni zilezile. Kamera ndogo ikikosa mwanga hupandisha ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga, na ISO ikipanda chenga, vile vidoadoa vya picha, zinajaa. Kisha kompyuta yake ya ndani hujaribu kuzifuta chenga hizo, na katika kufuta inaondoka na nyuzi za kitenge, nywele, hata vinyweleo vya usoni. Bibi harusi anatoka kama kapakwa rangi ya ukutani. Nimeziona picha za namna hiyo nyingi kwenye send-off za hapa mjini, ukumbi una taa za zambarau na mpiga picha kasimama mbali.

Gombe, hifadhi ya sokwe, ni mtihani mgumu kuliko ukumbi. Sokwe wana manyoya meusi, wanakaa chini ya miti mizito, na flashi hairuhusiwi. Kamera ndogo hapo inakupa kivuli chenye macho. Anayekwenda kule kwa ajili ya picha aende na sensa kubwa, ama aweke kamera chini atazame kwa macho yake, maana hilo nalo lina faida.

Lakini sasa sikiliza hili, maana wengi wanaponunua DSLR hulisahau: lenzi inayokuja nayo, ile ya kuvuta ya milimita 18-55, si ya giza. Ukiivuta hadi mwisho tundu lake linaishia f/5.6, na namba ya f ikiwa kubwa tundu ni dogo. Lenzi ya 50 mm yenye f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya hapo, na ndiyo lenzi ya bei nafuu kuliko zote ambazo ningekushauri. Mwenye DSLR ya zamani na lenzi hiyo atampita mwenye DSLR mpya na lenzi ya kiwandani, ukumbini, kila usiku. Tena kuna kamera ndogo za daraja la juu, kama Sony RX100 ya mwaka 2012, yenye sensa ya milimita 13.2 kwa 8.8 na lenzi inayoanzia f/1.8. Ukipiga bila kuvuta, inakaribiana kabisa na DSLR yenye lenzi ya 18-55. Ukivuta, tundu lake nalo linabana na ubora unashuka.

Kuna sehemu kamera ndogo inashinda waziwazi. Kwa picha za karibu, dagaa mmoja kiganjani au shanga za kiunoni, sensa ndogo inafanya kitu kizima kionekane bila ukungu, wakati DSLR inashika jicho la dagaa na kuuacha mkia. Na mfukoni inakaa. DSLR nyingi za mji huu zinalala kabatini kwa sababu ya uzito tu.

Mchana nao DSLR ina faida moja: faili la RAW, picha ghafi ambayo kamera haijaichakata. Dagaa wakiwa juani wanang'aa kama kioo, na aliyewaanika yuko kivulini. Kwenye RAW unaweza kuinua kivuli na kurudisha mng'ao, kiasi. Kamera nyingi ndogo hutoa JPEG pekee, picha iliyokwisha kuchakatwa na kubanwa. Mng'ao ukishaungua umeungua. Dawa yake ni kupunguza mwanga mapema, weka -0.7 kwenye kirekebisha mwanga (+/-) kabla hujabonyeza.

Ukiamua kununua DSLR iliyotumika, usiridhike na mng'aro wa nje. Weka f/16, piga mbingu nyeupe, vuta picha kwenye kioo: madoa yanayobaki palepale kila picha ni vumbi la sensa, na vumbi letu jekundu linaingia kirahisi kwa anayebadili lenzi barabarani. Kisha uliza shata, pazia la ndani linalofunguka kila ukipiga, imepiga mara ngapi. Nikon za ngazi ya chini kama D3300 zilijaribiwa hadi 100,000. Iliyokwishafika huko ishushe bei, na pesa itakayobaki kamalizie kwenye ile 50 mm.