Muuza dawa aendaye Marekani

SWALI: Shikamoo mama. Mwanangu anayeishi karibu na Washington ameniita nikamtembelee. Anasema huko kuna duka la dawa la kale lililofanywa makumbusho. Mimi nimeuza dawa hapa Isevya miaka mingi. Je, nitapata cha kuona?
Msomaji, Tabora

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda! Hilo ni duka la Stabler-Leadbeater, mjini Alexandria. Edward Stabler alilianzisha mwaka 1792, na ukoo ukaliendesha mpaka lilipofungwa 1933. Nilipopelekwa na mkwe wangu, nilisimama kaunta macho yakitafuta mzani, mazoea ya kazi.

Usiishie chini. Omba upandishwe ghorofani walikokuwa wakitengenezea dawa. Kuna droo za mbao ukutani, kila moja na jina lake. Moja imeandikwa damu ya joka. Kumbe ni utomvu mwekundu wa mti.

Kilichonigusa zaidi ni agizo la mwaka 1802. Martha, mjane wa George Washington, alituma mtu achukue chupa ya mafuta ya nyonyo, yaliyo bora kabisa, na bili yake. Nyonyo hii hii inayojiotea nyuma ya nyumba zetu! Marehemu bibi alitunywesha kijiko huku ametubana pua.

Kabla hujasafiri, pita Kwihara, hapo hapo karibu na Tabora, kwenye tembe alimokaa mvumbuzi Livingstone mwaka 1872. Sanduku lake la dawa liliibwa safarini 1867, akabaki na homa zake. Mkumbuke utakapoziona zile rafu zilizojaa.

Na usisahau miwani ya kusomea.