5 imetoka mara mbili: usikimbilie kuandika "haidiagonaliziki"

Ndugu, unasema matrisi yako ina mistari (5 1 0), (0 5 0), (0 0 2), thamani zake maalumu (eigenvalues, namba ambazo matrisi inazidisha nazo vekta fulani bila kuitoa kwenye mstari wake) zimekuja 5 mara mbili na 2 mara moja, na mwenzako kakwambia: "Ikijirudia tu, haidiagonaliziki, andika upite." (Kudiagonaliza ni kuigeuza matrisi iwe na namba kwenye ulalo tu, ule mstari wa kutoka kona ya juu kushoto hadi chini kulia, kwingine sifuri.) Jibu lake kwa matrisi hii ni sahihi. Sababu yake ndiyo mbovu, na ndiyo iliyoniponza mimi hapa Bukavu.

Mtihani wa mwaka wa pili. Swali lilikuwa kama lako, ila ile 1 ilikaa kona ya juu kulia: (5 0 1), (0 5 0), (0 0 2). Nikaona 5 mbili, nikaandika mstari mmoja, nikatoka wa kwanza na kupanda zangu Kadutu nikipiga mluzi. Karatasi ikarudi na 7 kwa 20. Sesheni ya pili nimeisomea kwa tochi ya simu.

Kinachohesabiwa ni vekta maalumu (eigenvectors), zile ambazo matrisi inazizidisha tu kwa thamani yake: matrisi ya 3 × 3 inataka tatu zisizotegemeana. Toa 5 kwenye kila namba ya ulalo, kilichobaki kizidishe na (x, y, z) kitoe sifuri. Kwangu ilibaki (0 0 1), (0 0 0), (0 0 −3): yote hayo yanadai z = 0 tu, x na y ziko huru. Basi 5 ina vekta mbili, (1, 0, 0) na (0, 1, 0), na 2 inaleta (1, 0, −3). Tatu zimetimia, inadiagonalizika! Kwako inadaiwa y = 0 na z = 0, x inabaki peke yake. Vekta moja ya 5, moja ya 2, hazitoshi.

Kuhakiki inapodiagonalizika, usihangaike na kinyume cha P (A ni matrisi yenyewe, P ina vekta zile kama safu wima, D ina thamani zake kwenye ulalo). Zidisha AP, zidisha PD, linganisha. (5, 5, 2 zifuate mpangilio wa vekta ndani ya P, alama nyingi zinapotelea hapo.)

Na kama ulitaka A¹⁰ ya matrisi yako, bado inawezekana. Ipasue: A = D + N, D ibebe ulalo, N ibebe ile 1 tu. N² ni sifuri, na DN = ND; hilo la pili likague kwanza, bila hilo fomula haisimami. Basi Aⁿ = Dⁿ + nDⁿ⁻¹N. Ulalo unatoa 9,765,625 mara mbili na 1,024. Pale penye 1 panakuwa 10 × 5⁹, yaani 19,531,250. Kwingine sifuri.

Mimi sikuamini, nikazidisha kwa mkono. Nilichokea A³: pale palikuwa na 75, na 3 × 5² ni 75.