Umeacha chuo njiani? Deni la Bodi halijaacha kukusubiri

Majina ya waliopata mkopo yakitoka, mitandao yote hujaa pongezi. Wale walioondoka kabla ya kuvaa joho hawatangazwi popote, na ushauri wanaoupata ni wa kijiweni: "Hujamaliza, kwa hiyo hudaiwi." Nimeusikia kwa watu wazima wenye akili zao, na naomba usiusikilize. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania inakukopesha fedha. Ulizopokea ni deni, uwe umehitimu, umeacha mwenyewe au umedisco, yaani umeondolewa chuoni kwa kufeli. Sheria iliyounda Bodi mwaka 2004 inamhesabu kila aliyezipokea.

Mimi niliondoka mwaka wa pili wa ualimu wa sayansi, Dodoma. Baba aliugua figo, akawa anahitaji kusafishwa damu kila wiki, na mimi ndiye mkubwa nyumbani. Sikuwa na nafasi ya kusoma na kumhudumia kwa wakati mmoja. Siku nilipokwenda kuaga, mama mmoja wa dawati la mikopo aliniambia, "Mwanangu, usiondoke bila karatasi." Sijapata ushauri wa fedha uliofaa kuliko huo, na ndio ninaoupitisha kwako.

Karatasi yenyewe ni barua. Iandikie ofisi ya taaluma kupitia mkuu wa idara yako, nakala ipeleke dawati la mikopo. Taja namba yako ya usajili, namba ya mtihani wa kidato cha nne (Bodi hukutambua kwa hiyo), sababu, na tarehe unayosimama masomo. Kisha usitoke hapo mpaka nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na ufuatilie majibu ya maandishi. Tarehe hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Sheria inakupa miezi 24 baada ya kumaliza au kusitisha masomo kabla hujatakiwa kuanza kurejesha. Ukiondoka kimya, nani atajua miezi hiyo ihesabiwe kuanzia lini? Utabaki unabishana na kumbukumbu za ofisi, na wewe huna hata kipande cha kuonyesha.

Barua pia inazuia boom isiyo yako, yaani ile fedha ya chakula na malazi unayopewa mkononi. Kama awamu mpya imeingia na wewe umeshaondoka, usiisaini. Fedha ambazo mwanafunzi hajasaini chuo hutakiwa kuzirudisha Bodi, na zikirudi hazibaki kwenye deni lako. Najua jinsi laki kadhaa zinavyovutia ukiwa na mgonjwa nyumbani. Lakini kila shilingi utakayosaini siku hiyo utaidaiwa, na huna tena masomo ya kuihalalishia.

Kabla hujaandika neno "kuacha", uliza kwanza kuhusu kuahirisha. Watu wengi wanachanganya mambo haya mawili, na tofauti yake ni kubwa mno. Anayeahirisha kwa ruhusa ya chuo, kwa ugonjwa au msiba au matatizo ya familia, bado ni mwanafunzi. Mkopo wake unasimama naye, akirudi na barua ya kurejea masomoni unaendelea. Aliyeacha amekatika, na akitaka kurudi anaanza maombi upya akiwa na deni la zamani mkononi. Kama kuna uwezekano hata mdogo kwamba mwakani hali itatulia, omba kuahirisha. Mimi niliuliza, na kwa hali ya baba ilivyokuwa hakuna aliyeweza kusema itachukua mwaka au mitano, nikaamua kuacha rasmi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo natamani kila aliyeacha chuo alijue. Miongozo ya mikopo inamtaka aliyewahi kukopeshwa akaacha masomo awe amerejesha angalau asilimia 25 ya alichopokea ndipo aweze kuomba mkopo tena. Robo. Si deni lote, na si sifuri. Nimekutana na vijana waliopata udahili mpya, wamefurahi, nguo zimeshapangwa begini, halafu wakagundua sharti hilo wakati dirisha la maombi linakaribia kufungwa. Hakuna anayeokota robo ya deni kwa wiki moja.

Piga hesabu. Tuseme uliondoka ukiwa umepokea jumla ya shilingi 4,000,000. Robo yake ni 1,000,000. Ukiweka 50,000 kila mwezi, miezi 20 imetosha, yaani umeimaliza ndani ya ile miezi 24 ambayo hakuna anayekudai. Ndiyo maana nasema usiichukulie miezi hiyo kuwa likizo. Kwa anayetaka kurudi chuoni, huo ndio muda wenye faida kuliko wote. Kama 50,000 haipatikani, weka 20,000. Mwezi wa mavuno au wa biashara nzuri, ongeza.

Ila hesabu hiyo ifanye kwa jumla halisi. Wengi hujumlisha boom tu, kwa sababu ndiyo waliyoishika. Boom sasa ni 10,000 kwa siku, zamani ilikuwa 8,500, kwa hiyo ni rahisi kuikumbuka. Ada haipiti mikononi mwako, inakwenda moja kwa moja chuoni, lakini imo kwenye deni. Vitabu na viandikwa vimo. Mafunzo kwa vitendo, kama ulifika huko, yamo. Ingia kwenye akaunti yako ya mfumo wa Bodi au fika ofisi ya kanda, omba taarifa ya deni, uikague mstari kwa mstari. Ukiona awamu ambayo hukuisaini, andika barua ya kuipinga mapema, ukiambatanisha ile nakala yenye muhuri.

Kulipa kwenyewe si kazi. Unapata namba ya malipo kwenye mfumo, unalipa benki au kwa simu. Usimpe mtu fedha mkononi akulipie, hata awe rafiki anayejuana na watu wa ofisini. Risiti zote zihifadhi, na usitegemee ujumbe wa simu peke yake, simu hupotea.

Waliosikia habari za zamani bado wanaogopa kwamba deni linakua kila mwaka. Ilikuwa hivyo. Kulikuwa na asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Rais Samia alitangaza kuifuta ile 6 kwenye Mei Mosi ya 2021 jijini Mwanza, na ile 10 nayo ikaondolewa mwaka huohuo. Kama ulikimbia kwa hofu ya riba, rudi ukaangalie salio lako upya.

Ukipata ajira, mambo yanabadilika. Makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na mwajiri anatakiwa kukutolea taarifa Bodi ndani ya siku 28 tangu akuajiri, kisha kila mwezi awasilishe makato ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha. Hapa kuwa macho. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo hati ya mshahara ilionyesha nimekatwa, na taarifa yangu ya deni haikusogea. Fedha zilikatwa, hazikupelekwa. Liliniuma sana, kwa sababu ilikuwa ndiyo robo niliyoihesabia. Kilichonisaidia ni hati za mshahara, zote, nilizozipeleka Bodi ili wamfuate mwajiri. Linganisha hati na taarifa ya deni kila baada ya miezi michache, na hati usizitupe hata ukihama kazi.

Na deni likikaribia kuisha, omba taarifa miezi miwili mitatu kabla, ili barua ya kusitisha makato imfikie mwajiri kwa wakati. Ikitokea umekatwa zaidi, omba kurejeshewa kwa maandishi. Ziada hiyo ni fedha yako.