Maswali ya Wasomaji: Mafua Ndani ya Chumba na Sebule

SWALI: Tunaishi watu watano chumba na sebule, Mbagala. Mwanangu wa miaka minne akirudi na mafua kutoka chekechea, baada ya siku mbili tatu nyumba nzima tunakohoa, hadi mdogo wake wa miezi saba. Kila kitu nafuta kwa dawa ya klorini. Nakosea wapi?

JIBU: Kusafisha hujakosea, mama, ila nguvu umezimalizia mezani na virusi viko hewani. Mwenye influenza (mafua makali) au UVIKO-19 akikohoa, akiongea, hata akipumua tu, hutoa matone. Makubwa huanguka karibu naye. Yale madogo sana huelea kama moshi wa udi, na chumba kikifungwa hayana pa kwenda. Tena influenza huweza kuambukiza tangu siku moja hivi kabla ya dalili, kwa hiyo kamasi zinapoanza kutoka, usiku mmoja mmeshalala naye.

Anzeni na hewa. Dirisha moja halitoshi, hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea: fungueni dirisha na mlango vinavyotazamana. Tunajua Dar watu hufunga madirisha jioni kwa ajili ya mbu. Wekeni wavu dirishani, laleni ndani ya chandarua, dirisha libaki wazi. Feni ya kusimama igeuzieni dirishani isukume hewa nje. Feni ya dari kwenye chumba kilichofungwa huzungusha hewa ile ile, na kiyoyozi cha ukutani kwa kawaida hufanya hivyo hivyo. Mkitaka kuhakikisha, washeni udi: moshi ukituama, virusi navyo vimetuama.

Anayeumwa alale karibu na dirisha, mzungu wa nne na wenzake. Wewe ukiugua endelea kunyonyesha, ila vaa barakoa na nawa kwa sabuni sekunde 20 kabla ya kumshika mtoto. Klorini ibakie kwa vitasa, simu za vitufe na vyombo vya kuchezea. Kama chupa imeandikwa 5%, mililita 20 kwenye lita moja ya maji baridi zinatosha. Changanya upya kila siku kwa kuwa hupoteza nguvu, na usiichanganye kamwe na siki wala dawa nyingine ya choo, hutoa gesi yenye sumu.

SWALI: Mtoto akikohoa, duka la dawa hunipa amoksisilini. Ni sahihi? Na nijuaje kama ni nimonia?

JIBU: Amoksisilini ni antibayotiki: huua bakteria, virusi vya mafua haivigusi. Kumpa kila akikohoa ni kuizoesha bakteria dawa utakayoihitaji siku ya shida.

Nimonia anza kuitafuta kwa saa. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, funua kifua uhesabu pumzi kwa dakika nzima, si nusu dakika mara mbili, maana watoto hupumua bila mpangilio. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, 50. Mwaka 1 hadi 5, 40. Ukifikia idadi hiyo, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ngozi ya chini ya mbavu ikibonyea kila akivuta pumzi, akishindwa kunyonya, akipata degedege, akilegea au midomo ikibadilika rangi, ondoka saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane.

Kama hana dalili hizo, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Pua ikiziba, weka matone mawili ya maji ya chumvi kila tundu kabla ya kunyonya: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha mililita 240 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Asali usimpe kabla ya mwaka mmoja. Kumfukiza pia acha: mvuke hauui virusi, na watoto huungua kwa sufuria ile. Hakikisha kadi yake ya kliniki ina chanjo za nimonia za wiki ya 6, 10 na 14, kwa sababu bakteria wa nimonia hupenda kufuata nyuma ya mafua.

SWALI: Barakoa ya kitambaa kwenye daladala inasaidia?

JIBU: Kidogo, na zaidi inawakinga wenzako. Ya hospitali inayobana pua na mashavu ni bora, N95 bora zaidi. Ikilowa jasho, ibadilishe. Kaa dirishani ulifungue. Na kikohozi kikifika wiki mbili, nenda ukapime kifua kikuu.