Usichague mti mmoja wa nasaba

Ndugu, umeuliza utumie mti upi wa nasaba (mchoro wa undugu wa spishi) kati ya 1,000 iliyotolewa na programu ya kompyuta, ili upime kama migunga yenye undugu wa karibu huota pamoja huko Bahi, Dodoma. Usichague. Chukua 100 bila kubagua, rudia hesabu yote kwa kila mmoja, kisha tazama majibu yanavyotawanyika. Yakigeukageuka, shaka iko kwenye mti wa nasaba, si kwenye migunga ya porini. Liandike hilo waziwazi. Ukitegemea mmoja, kosa litaonekana dogo kuliko lilivyo, na hapo wengi huumia.

Kagua majina pia. Migunga ya miiba mirefu iliyonyooka kwa kawaida ni ya jenasi Vachellia. Yenye miiba iliyopinda kama kucha, Senegalia. Zamani yote iliitwa Acacia, lakini ni matawi mawili tofauti ya nasaba.