Nani hana uelewa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninasoma maendeleo ya jamii hapa Arusha, na sasa ninaandika ripoti ya mafunzo kwa vitendo niliyoyafanya katika kijiji kimoja cha Meru. Msimamizi wangu amekata "sayansi jamii" kwa kalamu nyekundu, anataka "sayansi ya jamii". Nani yuko sahihi? Pia naomba unisaidie: niandike "jamii haina uelewa kuhusu bima ya afya" au "jamii ina uelewa mdogo kuhusu bima ya afya"? Msomaji, Usa River.

JIBU: Marahaba, mwanangu. La kwanza ni jepesi. Msimamizi wako yuko sahihi. Sema "sayansi ya jamii" ukiitaja taaluma kwa ujumla wake, na "sayansi za jamii" ukizihesabu: uchumi, sosholojia, anthropolojia na nyinginezo. Wanaoandika "sayansi jamii" wameiga "isimujamii" (taaluma ya lugha katika jamii), wakasahau kwamba isimujamii ni neno moja lililoungana. "Jamii" lenyewe lina asili ya Kiarabu, kwenye mzizi wa kukusanya, ndugu yake jamaa, jumuiya na Ijumaa. Hayo yanatosha.

La pili ndilo lililonifanya nikujibu mapema. Kisarufi sentensi zako zote mbili zimekaa sawa, na zote mbili ningezikata.

Nimezichoka. Nimezisikia kwenye semina za Arusha na kwenye vikao vya Moshi, na nimezisoma katika ripoti zinazoishia kwenye pendekezo lilelile: elimu itolewe kwa jamii. Vyoo havijachimbwa? Uelewa mdogo. Kahawa imeng'olewa, kihamba, lile shamba la ukoo, kimepandwa nyanya? Uelewa mdogo. Watu hawajajiunga na bima? Uelewa mdogo. Mwandishi amepata jibu kabla hajauliza swali.

Tazama sentensi inavyofanya kazi. "Kuelewa" ni kitenzi elekezi, kinadai yambwa, yaani kitu kinachotendwa. Mtu huelewa jambo fulani. Ukishakifanya nomino na kukibandika "kuhusu bima ya afya", hatujui tena watu hawajaelewa kipi: kiasi cha kulipa, hospitali zinazopokea kadi, au tarehe ya kadi kuisha? Kisha linakuja "jamii". Katika ngeli yake, watu mia tano wanapatanishwa kama kitu kimoja: jamii inaamini, jamii haijui, jamii imegoma. Ungeandika "wanakijiji", Kiswahili chenyewe kingekusukuma uulize: wengi au wachache? Wanawake au wanaume? Wenye mashamba au vibarua? Halafu angalia nani huachwa nje ya jamii hiyo. Mtendaji hayumo, mganga hayumo, mwandishi wa ripoti hayumo. Sijapata kusoma ripoti iliyosema kwamba wakubwa wa halmashauri wana uelewa mdogo kuhusu wanakijiji wao.

Tuchukue hiyo bima. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Mama mmoja anayeuza ndizi katika Soko la Kilombero aliwahi kunieleza kwa nini hakulipia mwaka wa pili. Alilipa, mtoto akaugua, akaenda zahanati na kadi yake, akaandikiwa dawa, kisha akaambiwa dawa hakuna, akanunue nje. Akanunua. Tena nyumbani kwake wako wanane, akaniuliza, "Wawili wa kuwaacha nje ya kadi niwachague vipi, Mwalimu?" Na muda wa kulipia ulimkuta Januari, mwezi wa sare na madaftari. Huyu mama bima ameielewa mpaka senti ya mwisho. Ukimwandika kuwa ana uelewa mdogo, umemsingizia.

Serikali yenyewe inayo namna bora ya kuzungumza. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, ukakuta asilimia 26.4 ya wakazi wa Tanzania Bara wako chini ya mstari huo. Zipange namba hizo kando ya 30,000 zilizotakiwa kwa mkupuo, utaona kwamba swali la bima ni la mfuko kabla halijawa la kichwa. Hii ndiyo kazi ya taaluma unayoisomea: kwenda kwa watu, kuhesabu, kuuliza, kisha kumpelekea mwenye kuamua kile ulichokikuta. Sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, na wapo watakaoitekeleza kwa kusoma ripoti kama yako. Wakisoma "uelewa mdogo", watachapisha vipeperushi na fulana. Wakisoma "dawa hazikuwepo", watalazimika kuzungumzia dawa.

Lugha hii imetugharimu zamani pia. Mwaka 1973, enzi za ujamaa, kuhamia vijijini kulikoma kuwa hiari, kukawa amri, na kusita kwa wakulima kukachukuliwa kuwa ni kutoelewa faida. Wengi wao walijua vizuri kisima kiko wapi na shamba litakuwa umbali gani.

Sikatai kwamba wapo wasiojua. Wapo wasiojua kadi yao inapokelewa hospitali zipi. Basi liandike hilo hasa, kwa jina lake, na useme waliokuambia ni wangapi kati ya uliowahoji.

Kwa hiyo fungua madaftari yako ya mahojiano, utafute sababu walizozitoa wenyewe, kisha uandike kwa mfano: "Wakuu wa kaya kadhaa tuliowahoji waliwahi kujiunga, lakini hawakulipia tena kwa sababu walikosa dawa zahanati." Kama hukuwauliza sababu, usiandike neno kuhusu uelewa wao mpaka urudi kijijini ukawaulize. Kutoka Usa River si mbali.